Bolti za Land Rover ya zamani: ubaki na BSF, uhamie UNF au ugeuze milimita?

Bolti iliingia kwa vidole mizunguko mitatu, laini kabisa, kana kwamba imezaliwa na tundu lile. Mzunguko wa nne ukawa mzito. Fundi akachukua spana. Kwenye wa sita tukasikia kile kisauti cha alumini ikiachia, na spana ikaanza kuzunguka bure. Tundu la kifuniko cha giaboksi lilikuwa na meno 26 kwa inchi. Bolti, iliyotoka kwenye kopo lililoandikwa "robo inchi", ilikuwa na meno 28. Zote mbili ni robo inchi, zote mbili za magari ya Kiingereza, na hazipatani hata kidogo.

Gari lenyewe ni Land Rover Series IIA, ile ndefu ya 109, ya miaka ya 1960. Fundi simlaumu, kopo nililileta mimi.

Anayefufua gari la Mwingereza la zamani, iwe Land Rover, Morris, Austin au pikipiki ya BSA, atafika njia panda hiyo hiyo. Ahangaike kutafuta bolti za asili, yaani BSF (vipimo vya Kiingereza vya zamani) na ndugu zake? Ahamie UNF na UNC, ambazo ni inchi pia lakini za kizazi cha baadaye? Au ageuze kila kitu kiwe milimita ili aingie duka lolote la vifaa na kutoka na anachotaka? Nimejaribu zote tatu kwenye gari moja, nyingine kwa hiari na nyingine kwa kukosa subira.

Tunapima nini

Nitazipima njia hizi kwa mambo manne. La kwanza ni upatikanaji: bolti utaipata leo, wiki ijayo, au baada ya kifurushi kuvuka bahari? Bei naiweka humo humo, kwa sababu bolti yenyewe haiumizi mfuko kama usafirishaji na kusubiri. La pili ni spana. La tatu ni nguvu: je, inashika ipasavyo bila kuua tundu? La nne ni uhalisi, nikimaanisha thamani ya gari machoni pa wanaojali, na pia amani ya yule atakayelifungua baada yako.

Lakini kabla ya hayo yote kuna tofauti moja ambayo ukiikosa, ushauri wowote utakuponza. Kuna bolti inayopita kwenye tundu tupu na kushikwa na nati upande wa pili. Hiyo ni mgeni. Unaweza kumbadilisha upendavyo. Na kuna bolti inayojifunga kwenye tundu lililokatwa hesi, yale meno ya kuzunguka, ndani ya chuma chenyewe, kwenye bloku, giaboksi au ekseli. Hapo tundu ndilo mwenye nyumba, na bolti inafuata masharti yake. Watu wengi huuliza "gari langu linatumia bolti gani?" Ungeuliza tundu kwanza.

Kuitambua hesi uliyonayo

Hesi, au thredi kama wengi wanavyosema gereji, ina sifa tatu: kipenyo, idadi ya meno kwa inchi, na pembe ya jino. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, fundi mhandisi wa Manchester, alipendekeza kipimo kimoja kwa viwanda vyote vya Uingereza: pembe ya nyuzi 55, na ncha za meno zilizoviringwa. Hiyo ndiyo BSW, yenye meno makubwa. Mwaka 1908 ikaja BSF, pembe ile ile lakini meno madogo na mengi zaidi, yanayofaa chuma kigumu na kuhimili mitikisiko. Vita vya Pili vya Dunia vikawafundisha Waingereza, Wamarekani na Wakanada kwamba bolti zao hazikutani, na mwaka 1948 wakakubaliana hesi ya pamoja, pembe ya nyuzi 60: UNC yenye meno makubwa na UNF yenye meno madogo. Uingereza ilipoanza rasmi kuhamia vipimo vya metriki mwaka 1965, milimita nazo zikaanza kuingia kwenye magari, polepole, kipuri kimoja baada ya kingine.

Hii ndiyo idadi ya meno kwa inchi kwa vipimo utakavyokutana navyo zaidi:

| Kipenyo (inchi) | Kwa milimita | BSW | BSF | UNC | UNF |
|---|---|---|---|---|---|
| 1/4 | 6.35 | 20 | 26 | 20 | 28 |
| 5/16 | 7.94 | 18 | 22 | 18 | 24 |
| 3/8 | 9.53 | 16 | 20 | 16 | 24 |
| 7/16 | 11.11 | 14 | 18 | 14 | 20 |
| 1/2 | 12.70 | 12 | 16 | 13 | 20 |

Tazama safu ya 5/16. Kipenyo chake ni milimita 7.94, na bolti ya M8 ni milimita 8. Ukichukua vernia, kile kipimo cha taya mbili, ukapima bolti iliyochakaa, utasoma 7.8 na hutajua chochote. M8 ya kawaida ina milimita 1.25 kati ya jino na jino, sawa na meno kama 20 kwa inchi. BSF ina 22, UNF ina 24. Kipenyo kinadanganya, meno hayadanganyi. Weka rula kando ya bolti, hesabu meno ndani ya nusu inchi, zidisha mara mbili. Ukiwa na geji ya hesi, ile iliyofungwa kama kisu cha mfukoni chenye majani mengi yenye meno, ni bora zaidi, ila hakikisha ina majani ya nyuzi 55 na ya nyuzi 60 pia.

Njia yangu ninayoipenda haihitaji geji. Chukua bolti unayoijua kwa uhakika, ilaze ubavu kwa ubavu na ile usiyoijua, meno ndani ya meno, kisha inua zote mbili kwenye mwanga wa dirisha. Zikiwa sawa, mwanga haupiti. Zikitofautiana hata kidogo, utaona mstari wa mwanga ukipanuka kuelekea upande mmoja.

Kwa tundu, safisha kwanza. Kutu, rangi ya zamani na gundi ya gasketi hulifanya tundu zuri lionekane bovu na bolti isiyofaa ionekane imekaza vizuri. Kisha jaribu bolti safi unazozijua, kwa vidole tu, hadi mwisho wa tundu. Mizunguko mitatu ya kwanza haina ushahidi wowote. Mimi nililipia somo hilo.

Vichwa navyo vinasema, japo si mashahidi wa kuaminika sana. Pima ubapa hadi ubapa. Ukisoma milimita 11.3, 13.3 au 15.2, uko kwa Whitworth: hivyo ni vichwa vya BSF ya 1/4, 5/16 na 3/8. Ukisoma 11.1, 12.7 au 14.3, ni UNF au UNC za vipimo hivyo hivyo. Milimita kamili, 10, 13 au 17, ni M6, M8 na M10. Bolti nyingi za familia ya UNF na UNC kutoka Uingereza zina alama pia: duara lililozama juu ya kichwa, au viduara vilivyoshikana kwenye ubapa. Ukiona viduara hivyo, weka pembeni spana za Whitworth.

Kwa nini nasema vichwa haviaminiki? Kwa sababu ya Morris. Mwaka 1923 William Morris alinunua kiwanda cha injini cha Hotchkiss mjini Coventry, kampuni ya Kifaransa iliyokuja na mitambo yake ya milimita. Wahandisi wakaendelea kukata hesi za milimita, lakini kwa kuwa mafundi wa Uingereza walikuwa na spana za Whitworth, wakaweka vichwa vya Whitworth juu yake. Ndiyo maana injini ya XPAG ya gari za MG za baada ya vita ina bolti za milimita 8 zenye jino la milimita 1, hesi isiyouzwa kila duka, chini ya kichwa kinachokuapia kuwa ni Mwingereza halisi. Mwenye MG ya aina hiyo asisome sehemu inayofuata kabla ya kuhesabu meno.

Familia mbili ndogo nazipitia haraka. BA, iliyotoka mwaka 1884, ni ya skrubu ndogo za umeme, kabureta na saa za dashibodi. 0BA ina milimita 6 kamili na 2BA ina 4.7, na pembe yake ni nyuzi 47.5, kwa hiyo haioani na kitu kingine chochote. BSP ni ya mabomba, na wewe tayari unaifahamu bila kujua: ndiyo hesi ya fundi bomba wa mtaani kwako. Jina lake linatokana na uwazi wa bomba, si unene wa hesi. "Nusu inchi" ya BSP ina karibu milimita 21 kwa nje. Ukikuta kiungo cha geji ya mafuta chenye milimita 9.7 na meno 28, hiyo ni BSP ya 1/8. Usiilazimishe kuwa 3/8.

Njia ya kwanza: kubaki na BSF, BSW na BA

*Upatikanaji.* Hapa ndipo machungu yalipo. Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, ukiomba BSF mara nyingi utaletewa bolti ya milimita "inayofanana". BSW ni rahisi kidogo, kwani bado inatengenezwa India kwa kazi nyingine. Kwa BSF yenyewe una vyanzo vitatu. Cha kwanza ni kuagiza Uingereza, ambako wapo wauzaji wanaoishi kwa biashara hii. Ukiagiza, taja mambo matano: kipenyo, aina ya hesi, urefu kuanzia chini ya kichwa, kama unataka hesi hadi kichwani au yenye shingo tupu, na daraja la nguvu. Agiza zote kwa mkupuo, pamoja na nati na washa, na uongeze tapu, vile vyuma vya kukatia hesi, za kusafishia matundu. Bolti moja moja kwa posta itakufilisi.

Chanzo cha pili ni magari yaliyokufa. Land Rover iliyokaa chini ya mwembe miaka 20 inaweza kuwa ghala la BSF. Zisugue, zikague, lakini usitumie za mitumba kwenye usukani, breki au ndani ya injini. Bolti iliyowahi kukazwa kupita kiasi hurefuka na haisemi. Cha tatu ni fundi kereza. Mwenye mashine nzuri atakukatia BSF yoyote ukimpa sampuli safi, na kwa stadi (bolti zisizo na kichwa) za ajabu ajabu huyu ndiye mkombozi. Kasoro ni kwamba chuma cha kawaida cha karakana ni laini, na hesi iliyokatwa haina nguvu kama iliyobanwa kiwandani kwa roli. Kwa vifuniko, mabano na mudigadi, sawa. Kwa kinachobeba uhai wa mtu, hapana.

*Spana.* Utahitaji seti ya Whitworth, na itakuchanganya mwanzoni kwa sababu namba iliyoandikwa si upana wa mdomo wa spana. Ni kipenyo cha bolti. Spana moja ina namba mbili, kwa mfano 1/4W na 5/16BS. Wakati wa vita, ili kuokoa chuma, vichwa vya BSW vilipunguzwa vikawa sawa na vya BSF, kwa hiyo bolti mbili za BSW za umri tofauti zinaweza kudai spana tofauti. Spana za milimita hazisaidii: kichwa cha 13.3 kinaikataa 13, na 14 inakivuruga kingo. Spana malaya inakivuruga zaidi.

*Nguvu.* Hakuna njia inayoishinda hii kwenye matundu yenye hesi, kwa sababu ndivyo yalivyokatwa. Waingereza walikuwa na busara moja: hesi ya meno makubwa kwenye alumini, ya meno madogo kwenye chuma. Stadi moja inaweza kuwa na BSW upande unaozama kwenye alumini na BSF upande wa nati. Usishangae, na usiigeuze.

*Uhalisi.* Kamili. Kwa Series I, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948 na kutengenezwa hadi 1958, mnunuzi makini anaangalia vichwa vya bolti kabla ya rangi.

Inamfaa mwenye subira, mwenye gari la kabla ya 1958 au pikipiki ya zamani. Kwa pikipiki ongeza hesi ya baiskeli kwenye orodha: pembe ya nyuzi 60 na mara nyingi meno 26 iwe bolti nene au nyembamba. Robo inchi yake inafanana na BSF ya robo inchi kwa idadi ya meno, inatofautiana kwa pembe. Mtego mzuri huo.

Njia ya pili: UNF na UNC

*Upatikanaji.* Wengi hutafuta mahali pasipo. Duka la vipuri vya magari madogo ya Japani halitakuwa nazo. Nenda kwa wauza vipuri vya trekta na mitambo mizito: Massey Ferguson za zamani na mitambo ya Caterpillar zimejaa hesi hizi, kwa hiyo bolti zipo, na mara nyingi za chuma bora. Mistari mitatu juu ya kichwa ni daraja la 5 la Kimarekani, sita ni daraja la 8. Za Uingereza hutumia herufi. S ni nguvu ya kuhimili mvuto wa tani 50 kwa inchi ya mraba. Hata mkulima aliye mbali na mji mkubwa anaweza kuzipata kwa huyo huyo anayemuuzia plau.

*Spana.* Seti za inchi za kawaida, zile zinazopima mdomo wenyewe, ni rahisi kupatikana. Na bila hizo bado hujakwama kabisa: 13 ya milimita inashika kichwa cha nusu inchi vizuri tu, 16 inashika cha 5/8, 19 inashika cha 3/4. Kinachosumbua ni 9/16, ambacho 14 haiingii na 15 inacheza.

*Nguvu.* Kwenye bolti za kupita na nati, hii ndiyo hamahama safi kuliko zote. Kipenyo cha 5/16 UNF ni kile kile cha 5/16 BSF, kwa hiyo tundu halichongwi. Unatoa bolti na nati yake ya zamani, unaweka bolti na nati mpya, basi. Kosa ni kuchanganya bolti ya huku na nati ya kule.

Kwenye matundu yenye hesi kuna kishawishi. Rudi kwenye jedwali: BSW na UNC zina meno sawa hadi 7/16. Zitaingiana. Pembe zao hazilingani, nyuzi 55 na 60, kwa hiyo jino halikai lote juu ya jino. Kwa bano la waya, vumilia. Kwa kitu chenye mzigo, usifanye. Skrubu ya kamera kwenye tripodi ni ya ukoo huo huo wa robo inchi meno 20, na ilitoka Whitworth ikahamia UNC bila wapiga picha wengi kugundua, lakini kamera haipandi mlima Sekenke na shehena. Kwenye nusu inchi kishawishi kinakufa chenyewe, meno 12 kwa 13. Na BSF kwa UNF usijaribu hata mara moja. Ndiyo hadithi yangu ya giaboksi.

*Uhalisi.* Inategemea mwaka. Series II ya 1958 na IIA iliyofuata ni machotara: utakuta UNF kwenye bodi na BSF bado imejificha kwenye injini, giaboksi na ekseli. Series III, ya 1971 hadi 1985, kwa sehemu kubwa ni UNF na UNC tangu kiwandani. Kwa hiyo kuweka UNF kwenye bodi ya IIA si kughushi.

Inamfaa mwenye Series II hadi III anayetaka gari liendelee kuwa la inchi, na anayeweza kumiliki seti mbili za spana bila kulalamika.

Njia ya tatu: milimita

*Upatikanaji.* Popote, leo, hata Jumapili. Daraja limeandikwa kichwani kwa namba: 8.8 inatosha sehemu nyingi, 10.9 ni ngumu zaidi.

*Spana.* 10, 13 na 17, zilizo mfukoni mwa kila fundi kuanzia Lamu hadi Bukavu. Hili si jambo dogo gari likizimika porini.

*Nguvu.* Kwa bolti za kupita: M8 kwenye tundu tupu la 5/16 kwa kawaida inapita. M6 kwenye tundu la 1/4 inabaki na nafasi ya zaidi ya theluthi ya milimita, ivumilie kwenye bodi tu. M10 ni nene kuliko 3/8 kwa karibu nusu milimita, na huenda ukalazimika kupanua tundu. Usipanue flanji ya propela shafti wala kitu chochote ambacho bolti yake ndiyo inayokishika mahali pake.

Kwa matundu yenye hesi, hesabu ni kali. Huwezi kukata M8 ndani ya 5/16 BSF, kwa sababu vipenyo ni karibu sawa. Utapata uji wa meno. Lazima uruke hatua. Robo inchi inakuwa M8: keekee ya 6.8 inafuta hesi yote ya 6.35. 5/16 inakuwa M10, kwa keekee ya 8.5. 3/8 inakuwa M12, kwa keekee ya 10.2. Hapo jiulize kama kuta za kipande zinatosha na kama kichwa kikubwa kitaenea. Mara nyingi havitoshi, na ndipo helikoili inapoingia: ile springi ya waya inayorudisha hesi mpya ndani ya tundu lililopanuliwa. Ila ukishanunua helikoili, nunua ya hesi ya asili. Zipo za BSF. Ndivyo giaboksi yangu ilivyopona, na sasa lile tundu ni imara kuliko majirani zake.

*Uhalisi.* Hafifu, lakini si haramu. Land Rover wenyewe walianza kuchanganya: stadi za magurudumu za zamani ni 9/16 BSF, za Series III za mwisho ni M16. Tatizo la milimita ni yule atakayekuja baadaye, akione kichwa cha 13 kwenye kifuniko na kudhani gari lote ni hivyo. Bandika karatasi ndani ya boneti. Mimi nimepaka rangi ya njano kila kichwa cha milimita.

Inamfaa mwenye gari la kazi, anayefungua bodi mara kwa mara na kutegemea mafundi tofauti njiani.

Kisichoingia kwenye uchaguzi huu

Mabomba ya breki. Nati ya bomba ya 3/8 UNF ina kipenyo cha 9.5 na meno 24. Ya M10 yenye jino la milimita 1 ina 10 na meno kama 25. Ile ya 3/8 itaingia kwenye tundu la M10, itazunguka, itaonekana imekaza, na siku utakapokanyaga breki kwa nguvu itatoka. Hapa huchagui, unatambua silinda ni ya hesi gani na kununua nati ya hesi hiyo. Nati za magurudumu vivyo hivyo: seti moja, aina moja, kwa gari zima, na tairi la akiba likaguliwe pia.

Kwa hali yako

Kama una Series I, au MG, au pikipiki unayotaka ibaki kama ilivyotoka, tenga pesa ya oda moja kubwa ya BSF, BSW na BA kabla hujanunua rangi. Fungua gari lote kwanza, hesabu, ndipo uagize.

Kama una IIA kama yangu, gawa gari. Kila tundu lenye hesi libaki na ilichozaliwa nacho. Bolti za kupita za bodi, viti na mudigadi ziende UNF. Ukiwa Pwani, Tanga au Mombasa, fikiria chumvi pia: bolti ya chuma kisichoshika kutu ikigusa alumini ya bodi, alumini ndiyo inayoliwa, kwa hiyo weka washa ya plastiki katikati au tumia zilizopakwa zinki.

Kama gari linabeba mkaa, maziwa au wageni kila siku na fundi aliye karibu ana spana tatu tu, weka milimita kwenye bodi na mabano, na usiguse bloku, giaboksi wala ekseli hadi tundu lenyewe life.

Tundu likifa, helikoili ya hesi ile ile, popote gari lilipo na la mwaka wowote.

Na kama umenunua gari lililokwisha kufunguliwa, bolti zote zimo ndani ya ndoo moja ya mafuta machafu, usianze kwa kununua chochote. Tafuta chupa sita na alasiri moja yenye mwanga mzuri. Osha bolti, anza na vichwa vyenye viduara, kisha hesabu meno ya zilizobaki. Chupa ya sita iandike "sijui". Yangu bado ina bolti 11, na tisa kati ya hizo nashuku si za Land Rover kabisa.